Uvundo Chini ya Jiko

Claudette alikuwa amepiga magoti jikoni, pua karibu igusane na mbao za sakafu. Kitu kilikuwa kimeoza. Huu haukuwa uozo wa takataka wala wa samaki wa jana. Ulikuwa uvundo mzito, wenye utamu fulani, unaoganda ulimini kama mafuta ya baridi.

"Dada," aliita, "huku kunanuka nini?"

Rolande, dada yake mkubwa, alikuwa mezani na kahawa yake. Hakuinua hata kichwa.

"Hakunuki chochote. Umeniuliza asubuhi, umeniuliza jana, juzi pia uliniuliza."

Claudette hakukumbuka. Tangu atolewe uvimbe kichwani na kuchomwa kwa mionzi, ya zamani alikuwa nayo yote: kila njia aliyopita akiendesha basi la shule mjini Madawaska, majina ya watoto, hata majina ya mbwa wao. Lakini jambo la asubuhi halikufika mchana. Aliishi kwa vijihila. Saa ya mkononi ilimlilia wakati wa dawa. Akibandika sufuria, alisimama papo hapo ameshika mpini mpaka chakula kiive, maana akigeuza kichwa tu, sufuria imeshatoweka duniani.

Na alikuwa na Rolande, aliyehama kwake akaja kumtunza.

"Daktari alisemaje?" Rolande aliuliza. "Pua ikianza kucheza, msingoje. Si ndivyo ulivyoanza mara ya kwanza? Ukawa unasikia harufu ya mpira unaoungua, na hakuna mpira."

"Najua."

"Basi Jumatatu tunakwenda wakupige picha ya kichwa tena. Nimeshawapigia simu."

Kusukumwa kitandani kuelekea chumba cha upasuaji, hilo Claudette hakulisahau.

Mchana Rolande alipakua supu ya njegere na nyama ya nguruwe. Claudette alionja kijiko kimoja akakitema kwenye kitambaa. Ilikuwa chumvi tupu, na nyama yenyewe ilikuwa imeharibika.

"Hii nyama mbovu, dada."

Rolande alivuta bakuli la mdogo wake, akala supu yote mpaka chini, na kipande cha nyama chenye ukingo wa kijani akakitafuna polepole.

"Ina nini? Mionzi imekuharibu ulimi, halafu lawama napewa mimi. Umenichosha, Claudette. Nikikutazama nasikia kinyaa."

Claudette aligeuza uso. Rolande wa zamani asingesema hivyo. Rolande wa zamani angeimwaga supu, angejicheka, angekaanga mayai. Lakini kuuguza mtu, alijiambia, kunaweza kumgeuza hata malaika.

Rolande akatoka kwenda kuanika nguo. Uvundo ukapanda tena kutoka sakafuni, na kwa Claudette ulikuwa mpya kabisa, kana kwamba hajawahi kuusikia. Akatazama kitambaa kilichotemewa supu, akatazama magoti yake yenye vumbi, akaelewa kwamba alikuwa ameshapiga magoti pale. Akitoka nje ya jiko, yote yatafutika. Akachukua simu palepale aliposimama, akampigia jirani yao Armand, fundi seremala.

"Armand, njoo na mtaimbo. Ama chini ya sakafu yangu kuna mzoga, ama kichwani mwangu uvimbe umerudi. Nataka kujua ni kipi."

"Nakuja. Ngoja nivae viatu."

"Usikate simu. Ukikata nitasahau, utanikuta nimelala."

"Sasa nikwambie nini njia nzima?"

"Niulize kwa nini nimekuita. Ukimaliza, niulize tena."

Armand akavuka uwanja, akizamisha viatu katika theluji iliyokuwa ikiyeyuka, simu sikioni.

"Umeniitia nini?"

"Kunanuka."

"Umeniitia nini, mama?"

"Kunanuka, Armand."

Alipofungua mlango hakuuliza tena. Alirudi nyuma, akavua kofia akajiziba nayo pua.

"Mungu wangu. Mnaishije humu?"

Claudette aliegemea ukuta, machozi yakamtoka kwa furaha.

Mbao zilikuwa zimelainika kwa unyevu, zikang'oka bila ubishi. Chini yake alilala nungunungu aliyekuja kujisitiri humo wakati wa baridi. Tumbo lilikuwa limevimba likapasuka, na funza walijaa kati ya miiba wakifurukuta hata miiba yenyewe ikawa inatikisika. Joto la jikoni lilipomgusa, uvundo ukapanda kama mvuke wa chungu. Armand alikimbilia sinki akatapika. Claudette naye alitapika, huku anacheka. Ilikuwa raha aliyokuwa hajaipata kwa muda mrefu.

Rolande akaingia na kikapu cha nguo.

"Mnatubomolea nyumba?"

"Njoo ujionee, dada," Claudette alisema akijipangusa mdomo. "Pua yangu nzima. Jumatatu siendi popote."

Rolande aliweka kikapu chini. Akapiga magoti ukingoni mwa shimo, akainama mpaka uso wake ukawa karibu kabisa na funza. Hakukunja uso. Hakujiziba pua. Armand, kofia bado usoni, alimtazama. Kisha akamtazama Claudette.

Rolande akavuta pumzi ndefu, akaishikilia, akaiachia. Akavuta nyingine.

Alipoinua kichwa, sauti yake ilikuwa ya chini, na hasira ilikuwa imemtoka yote.

"Claudette," alisema, "kunanukaje?"