Ufunguo wa Masijala

Bi Tunu aliwahesabu watoto mara ya tatu. "Kumi na tisa. Zawena yuko wapi?"

Mzee Kitwana aligusa mfuko wake wenye ufunguo. Ofisi zilishahama, na jengo sasa lilikuwa la watoto wanaosubiri wazazi baada ya shule. Yeye, karani wa masijala aliyebakizwa kuwa mlinzi, saa tisa na nusu alikuwa ameufunga mlango wa chuma wa chumba cha masijala kama alivyoufunga kwa miaka thelathini. Hakuchungulia. Enzi za mafaili hamkuwa na mikeka ya watoto kulalia mle ndani.

"Mama yake yuko getini," Bi Tunu alisema.

Mzee alikimbia. Ufunguo ulikosa tundu mara mbili. "Zawena! Itika, mjukuu wangu!"

Akausukuma ufunguo tena.

Mlango ulipofunguka, mtoto alikuwa ameketi chini ya rafu tupu, macho makavu, akijigonga mhuri uliosahaulika humo: mikononi, shavuni, kwenye sare nyeupe. IMEPOKELEWA. IMEPOKELEWA.

Bi Tunu alimbeba, kisha akanyoosha kiganja. "Ufunguo, mzee."

Mzee akaunyoosha mkono ulioshika ufunguo. Vidole vikagoma kufunguka.