Ukili Mbichi

Mwanakheri alileta mkeka aliousuka marehemu mama yake ili usukwe upya uwe kiti cha sebuleni. Fundi Shekue alifumua mshono taratibu, mkeka ukarudi kuwa ukili mmoja mrefu, utepe wa majani yaliyosukwa, umelala sakafuni kama rundo la kamba. Akaanza kuuzungusha kwenye fremu ya mninga. Kiti kilijaa, lakini rundo halikupungua.

"Mama yako hakujua kuacha," fundi alitania.

"We! Hata kwenye chakula tulikuwa tunamwita mara tatu."

Shekue alifukua rundo kuitafuta ncha. Alipoipata, mkono wake ulisimama. Majani ya ukindu pale mwishoni yalikuwa ya kijani, yamelowana, yamesimama wazi kama kazi iliyoachwa sasa hivi.

Mwanakheri alipapasa ukingo. "Huu ni mkono wake, fundi. Upande wa kushoto alikuwa anakaza hivi hivi."

"Dada, kiti kimejaa. Lazima nikate." Akachukua kisu.

"Usikate! Ukikata, ataacha."

Walipotazama tena, ncha ilikuwa imesogea mbele kiasi cha upana wa kiganja.

Shekue aliweka kisu chini. "Basi nitafanya benchi," alisema kwa sauti ndogo, akaenda kuchagua mbao nyingine.

Mwanakheri alikaa sakafuni, akaishika ile ncha kwa vidole viwili. Ilimvuta kidogo, kwa upole, kama mtu anayeomba apewe jani jingine.