Kijiko Kimoja cha Damu ya Kiwelisi

Mzee Ithel Probert alitema mate ndani ya kichupa, na wote waliokuwa jikoni wakapiga makofi.

"Nusu imeishia kwenye ndevu, mzee," alisema Barnaby Thorley, Mwingereza aliyetaka kumwoa binti yake.

"Nyamaza uteme yako, kijana! Kwetu kutema mate ndiko kuongea. Ukishindwa hapa, jina la kijiji chetu utalitamkaje?"

"Llanhesgen," alijaribu Barnaby, na mate yakaruka.

Mama Morfudd akajifuta shavu kwa aproni. Binti yao Heledd alicheka hadi akakaa sakafuni.

Mambo yalianza Februari. Uingereza iliishinda Welisi kwa raga siku ya Jumamosi, na Jumapili yake Mzee Ithel, kiongozi wa kwaya kwa miaka thelathini, akasimama mbele ya kanisa zima na hasira zake zote. Aliweka mkono juu ya Biblia akaapa kwamba hatamwoza Heledd kwa mwanamume asiye na walau kijiko kimoja cha damu ya Kiwelisi.

"Sisi ni Wakelti!" alinguruma. "Tulikuwa hapa Waingereza hawajapanda mashua!"

Watu wakaitikia amina.

Hasira hupoa. Kiapo hakipoi. Machi, Barnaby, ambaye ni fundi wa vinanda, alikifufua kinanda cha kanisa kilichokuwa kikikohoa miaka saba. Aprili akajiunga na kwaya, na besi yake ikatetemesha madirisha. Mzee hakumsifu. Alimwambia tu kwamba hata mafahali wana sauti nene. Lakini siku hizo alianza kuchelewa kulala, akiomba kwa sauti ya chini, na Mama Morfudd hakumuuliza anaomba nini.

Heledd, mwalimu wa sayansi, ndiye aliyeleta vile vichupa.

"Baba, damu yetu na yao ni vikombe viwili vya chai ya birika moja. Kilichozidi ni sukari tu. Lakini umeapa, basi tupime vinasaba. Utapima wewe, na yeye atapima. Kipimo kikikutambua wewe kuwa Mwelisi, tutakiamini kitakachosema juu yake."

"Na kikisema hana hata kijiko?"

Heledd aliacha kucheka. "Basi nitamrudishia pete. Sitaki baba yangu avunje kiapo kwa ajili yangu."

Wote wawili walipokwisha kutema, Heledd akabandika majina kwenye vichupa, akavifunga ndani ya kiboksi, akachukua koti.

"Lete hapa," alisema mzee. "Nitapeleka mwenyewe."

"Posta ni hapo tu, baba, ng'ambo ya daraja."

"Ndiyo maana. Hata mimi nitafika."

Alirudi baada ya saa nzima, akiimba kwa mluzi wimbo wa harusi. Mama Morfudd akaona kipande cha karatasi yenye gundi kimemganda kwenye kidole gumba.

"Umeshika nini, Baba Heledd?"

"Kibandiko cha tufaha."

"Tufaha lenyewe liko wapi?"

"Nimelila."

Majibu yalikuja mwezi Juni. Jumapili baada ya ibada, chai ilipomiminwa na mkate wa zabibu kukatwa, kanisa zima lilimzunguka Mchungaji Tegwen. Mzee Ithel ndiye pekee aliyetulia. Alikuwa amevaa tai mpya, na uso wake uling'aa kama sufuria ya sikukuu.

Mchungaji akafungua bahasha ya kwanza.

"Ithel Probert. Welisi, asilimia tisini na mbili!"

Watu wakashangilia, mmoja akaanzisha wimbo wa taifa. Kikombe cha mzee kilisimama mdomoni.

"Soma tena jina," alisema.

"Ithel Probert."

"Amefurahi mpaka hasikii!" wakacheka.

Mchungaji akafungua ya pili, na sauti yake ikashuka. "Barnaby Thorley. Uingereza, asilimia tisini na nne. Sita zilizobaki, Denmaki. Welisi, hakuna."

Wimbo ulikatika. Barnaby akaangalia viatu vyake. Heledd alianza kuivua pete. Ikakwama kwenye kifundo cha kidole, naye akaendelea kuivuta huku machozi yakimdondoka.

"Pole sana, Ithel," alisema Mchungaji. "Uliapa mbele za Mungu."

Mzee aliketi. Aliitazama mikono yake, viganja kisha migongo, kama mtu aliyeazimwa mikono ya jirani. Akamtazama Barnaby kwa muda mrefu. Mabega yake yakaanza kutikisika.

"Analia," alinong'ona mtu.

Hakuwa akilia. Alicheka hadi mkate ukamponyoka, akacheka hadi tai ikapanda sikioni.

"Iache pete hapo hapo, binti yangu! Mchungaji, tafuta tarehe ya harusi. Kiapo changu kimetimia, neno kwa neno!"

"Kimetimiaje? Kijana hana hata tone!"

"Mungu hadhihakiwi," alisema mzee akijifuta macho. "Barnaby, mwanangu, hebu litamke tena jina la kijiji."

"Llan... Llanhesgen," alisema Barnaby, na mate yakamrukia mzee usoni.

"Mnaona? Damu haijifichi!"

Mama Morfudd aliwaambia watu wamsamehe mumewe, furaha imempanda kichwani. Maana siku ile ya posta, hakuna aliyekuwa amemwona isipokuwa Mungu na kondoo mmoja, alipochuchumaa nyuma ya ukuta wa daraja, akabandua majina kwenye vile vichupa viwili na kuyabadilisha, la huyu kwenye kichupa cha yule, ili Mwingereza wa watu naye apate kijiko.