Sindano ya Bi Tunu

Sindano ya Bi Tunu, fundi cherehani, ilipotea Jumatatu. Hadi Jumatano paka wake, Chokaa, alikuwa hajatia kitu kinywani, na udenda ulikuwa ukimchuruzika. Bi Tunu alimfunga kwenye kanga, akampeleka mbio kwa daktari wa mifugo, akapanga foleni nyuma ya mbuzi wawili.

"Amemeza sindano, daktari," alisema, sauti ikamkatika. "Na mimi ndiye niliyeiacha ovyo."

Daktari alimpapasa paka tumbo, akampanua taya. "Mshike barabara, mama."

Bi Tunu alifumba macho. Alisikia kibano kikigusa jino, kisha Chokaa akalia kilio kimoja kirefu.

"Haya, tazama."

Ulikuwa mwiba wa samaki, uliomkwama kwenye kaakaa.

"Na sindano?"

"Kaitafute nyumbani. Huyu ni mdokozi wa kitoweo tu."

Bi Tunu alicheka mpaka machozi yakamtoka, akashindwa kuyazuia, akaketi sakafuni pale pale. Juu ya meza Chokaa alijipangusa mdomo kwa mguu, kisha akainua pua kuelekea dirishani, ambako jirani mmoja alikuwa akikaanga dagaa.