Hofu ya Nguchiro

Wasimuliaji wako wengi, lakini habari za Nguchiro mwoga niulizeni mimi.

Mwaka huo mvua iligoma. Bwawa likabaki tope bovu, na kila aliyekunywa aliharisha. Asubuhi Kanga, mpenda habari, alipita akitangaza, "Jamani, leo kafa Pundamilia. Kesho sijui nani."

Nguchiro akisikia hayo moyo ulimwenda mbio, akawa anakwaruza mchanga wa mto mkavu huku akitetemeka. Nyati, mwenye majivuno, akamcheka. "Kijana, unajichimbia kaburi?"

"Sijui nachimba nini, mzee. Nikikaa bure nalia, nikikwaruza napumua."

Kila habari mbaya ya Kanga ikaongeza kina cha shimo, hadi Nguchiro akaonekana mkia tu. Siku moja kucha zake zikatoka zimelowa. Yalikuwa maji safi, yamechujwa na mchanga.

Pori zima likanywa. Wa mwisho alikuja Nyati, amekonda, tumbo linamnguruma. Akanywa, akashusha pumzi. "Hongera, Bwana Nguchiro. Ile hofu yako umeitupa wapi?"

"Ninayo bado, mzee," akasema Nguchiro, akirudi kupanua shimo. "Ndiyo iliyokuchimbia hayo maji."