Samaki Kila Siku

Kila palipoandikwa samaki, palikuwa na alama ya vema.

Mwalimu Debora aliipitia karatasi ya chakula ya Mniko mara ya pili. Uji wa ulezi ulikuwa na vema hapa na pale. Mayai yalirukwa. Karanga ziliandikiwa "zimeisha". Lakini samaki, mchana na jioni, Jumatatu mpaka Jumapili, hakurukwa hata mmoja.

"Huyo anakudanganya," alisema Mwalimu Fredy wa hisabati, akichungulia begani kwake. "Nyumba ile hawalagi samaki. Toka kaka yake azame, hata dagaa haingii. Huku kwetu Kiriba, ziwa likila mtu wenu lisimrudishe, mnasusa chochote kinachotoka humo mpaka apatikane. Wewe wa Butiama, mtu wa nyama na maziwa, ungejulia wapi?"

Debora alijisikia vibaya. Mniko, wa kidato cha tatu, alikuwa mkimbiaji wa kuwaacha wenzake mita hamsini. Sasa alibaki kilo arobaini na mbili, na macho. Mganga wa zahanati alisema wazi: asipofika arobaini na nane hakimbii mashindano ya mkoa, na akizidi kupungua hivyo, tusahau mashindano, tumwombee uhai. Ndipo Debora akakaa chini akamwandikia ratiba yake peke yake, mazoezi ya wiki nane na chakula kinachopatikana kijijini bila shida. Cha karibu kuliko vyote kilikuwa samaki.

Jumamosi akapanda pikipiki kwenda kuomba radhi.

Bibi Mbuke, aliyewalea Mniko na kaka yake Isidori tangu wakiwa wachanga, alimpokea kwa kicheko na kigoda. Miezi mitano ilikuwa imepita bila mwili wa Isidori kuonekana. Wazee wa ukoo walimshauri azike shina la mgomba badala ya mwili, matanga yaishe, watu wapumzike. Alikataa. Mjukuu wangu, aliwaambia, hakuzaliwa shambani kwa ndizi.

"Bibi, nimekuja kufuta," Debora alisema, akitoa kalamu. "Sikujua msiba wenu unavyoendaga. Pa samaki nitaweka maharage."

"Usifute, mwanangu. Ngoja nikutegee kwanza. Kitendawili."

"Tega."

"Kinakula hakishibi, tunakinywa hakiishi."

Debora aliwaza. "Njaa?"

"Njaa inanywewaga wapi? Nipe mji."

"Haya, nakupa Bunda."

"Bunda nimeenda, nimekaa, nyama yao imenishinda meno nimerudi. Jibu ni ziwa." Bibi alicheka peke yake. "Nimelia miezi mitano, mwalimu. Karatasi yako ilipoletwa nikasomewa, nikasema, kumbe. Huyu mtoto wa watu ametuonyesha njia. Nikamwambia Mniko, kula."

Mniko alikuwa kizingitini na sahani ya sato. Alikula taratibu, ametulia kama mtu aliye kanisani. Debora akamsogezea kifurushi alichonunua mjini Musoma.

"Sangara huyo. Wa kukaanga."

"Katokea wapi, mwalimu?"

"Sokoni. Walisema kaletwa kutoka Bunda."

"Asante. Huyo tumpe Bonifasi wa jirani." Akairudia sahani yake. "Mimi nakulaga wa hapa kwetu tu."

"Siku hizi anachagua kama bwana harusi," alisema Bibi Mbuke.

Debora alicheka njia nzima. Mtoto anayechagua chakula ameshaanza kupona.

Na kweli, wiki ya tatu mzani ulisema arobaini na nne. Wiki ya tano, arobaini na sita na nusu. Mashavu yakarudi, miguu ikarudi. Jambo moja tu lilimsumbua Debora. Mniko alipokimbia kwenye barabara ya vumbi, hakukaa katikati. Alijibana ukingoni, na upande wa ziwa akaacha nafasi, pana kiasi cha mtu.

"Mbona unakimbilia majani?"

"Tunaenea, mwalimu," alijibu, bila kugeuka.

Debora aliitazama ile nafasi tupu kando yake. Akajiambia kwamba huzuni haiishi siku moja, na muhimu ni kilo.

Wiki ya nane: arobaini na nane na robo. Debora alipiga makofi peke yake. Mniko alitabasamu, mara ya kwanza tangu msiba. "Bibi anakuita nyumbani Jumamosi," alisema. "Alisema uvae vizuri."

Alivaa gauni la sherehe. Lakini uani alikuta turubai, wanawake wamejifunga khanga kiunoni, na nyuma ya nyumba udongo mbichi umerundikwa kando ya shimo. Akamtafuta Mniko kwa macho, akamwona amesimama mlangoni, mzima, ndani ya shati jeupe.

"Isidori amepatikana," Fredy alimnong'oneza. "Bibi kasema leo anazikwa. Sisi wenyewe hatujamwona."

Bibi Mbuke alimshika mkono akamwingiza chumbani. "Wengine watasubiri," alisema. "Wewe ndiye uliyetusaidia kumtoa ziwani. Muage."

Jeneza lilikuwa fupi, kama la mtoto mchanga. Mniko alipiga magoti, akainua kifuniko, akafunua sanda taratibu. Ndani ilikuwa mifupa ya samaki, ya wiki nane, imeoshwa ikawa myeupe, imepangwa mmoja mmoja, mirefu chini na mifupi juu.

"Hii ndiyo mifupa yake, mwalimu," Mniko alisema kwa upole, akaweka kiganja juu ya tumbo lake. "Nyama ninayo mimi."