Mguu wa Kassian

Kisu kilikuwa kilekile cha kukatia kamba za marobota. Heriel alikinoa asubuhi kwenye ukingo wa sinki la hoteli, bila haraka, na sasa kilikuwa mfukoni mwa jaketi lake akipanda ngazi za mgahawa mmoja wa Xiaobei, mtaa wa Waafrika huko Uchina. Huko ghorofani miguu ya watu ilikuwa ikitwanga sakafu. Dada yake, Evaline, alikuwa miongoni mwao.

Aligundua juzi tu. Walikuwa soko la nguo la Shahe wakichagua magauni ya watoto, joto la kumtoa mtu roho, na Evaline amejifunga skafu hadi kidevuni. Laoban, yaani mwenye duka, aligoma kushusha bei. Evaline akainama kurudisha gauni kwenye furushi, skafu ikalegea. Chini ya taya, upande wa kushoto, palikuwa na alama nyekundu iliyoiva, ya mtu aliyekandamizwa na kitu kigumu.

"Eva, nani kakufanya hivyo?"

"Achana nayo, kaka." Aliivuta skafu haraka. "Watu wa hapa wana maneno, ndiyo maana naficha."

"Ni huyo mchumba wako? Ni Kassian?"

"Kassian kakosa nini? Haya nimeyataka mwenyewe."

Heriel alimkamata mkono wa kushoto amtazame vizuri, naye akauchomoa kwa maumivu. Ncha za vidole zilikuwa zimechanika, na kimoja kilivuja damu.

Aliyemalizia ni Muthoni, Mkenya anayewasafirishia mizigo. "Huyo Kassian hamwachi apumue, bana," alisema huku akipima furushi. "Kila Jumapili. Nimemwambia Eva apumzike hata wiki mbili apone, amekataa kabisa. Ati ameshazoea."

Ameshazoea. Mama yao naye alisema hivyohivyo, kule Marangu. Baba yao hakuwa mtu wa ngumi, alikuwa mtu wa mguu. Akikasirika alisimama mbele ya mama, akauinua mguu wa kushoto taratibu ili kila mtu nyumbani auone, ndipo akaushusha tumboni. Mama alizikwa Heriel akiwa darasa la tatu, Evaline bado anabebwa mgongoni. Heriel alijiapia pale kaburini kwamba mguu wa namna ile hautainuliwa mbele ya dada yake yeye akiwa hai. Mtoto akiapa watu hucheka. Huyu hakusahau.

Alisukuma mlango. Kila Jumapili mchana wapenzi wa bluegrass, muziki wa Wamarekani wa milimani, hujazana pale na magitaa na mabanjo yao: wanafunzi wa Kitanzania, Wakongo, Wachina wenyewe. Walijipanga kwa duara, duara moja ukumbini na jingine chumba cha pili, nyuma ya mlango wa kioo. Wengine walikuwa wamefumba macho kwa raha. Kwa Heriel zilikuwa kelele za kuku waliovamiwa bandani na kicheche.

Kassian alimwona, akaja mbio, gitaa likining'inia kifuani.

"Shemeji, karibu sana. Kaa hapa mbele umwone dada yako leo." Kisha, akitabasamu: "Wimbo huu tunaouanza ni wa jamaa aliyemuua mchumba wake kando ya mto."

Heriel alikaa bila kumpa mkono.

Wimbo ulianza kwa kasi, ukazidi kuwa wa kasi. Evaline alisimama uso kwa uso na Kassian, fidla kidevuni, skafu ameivua, jasho likimtiririka. Alikuwa ameuma midomo. Kila alipoonekana kuchoka Kassian alimsogelea na kumwambia, "Ongeza! Usiniache!" naye akaongeza, uso umekunjamana kwa maumivu. Watu walikuwa wakishangilia. Heriel aliwachukia wote, wanaume kwa wanawake, kwa kushangilia.

Ndipo Kassian akamsogelea Evaline zaidi, akamkazia macho, akauinua mguu wa kushoto, taratibu, hadi usawa wa goti.

Heriel hakukumbuka kusimama. Kisu kiliingia chini ya mbavu hadi mpini. Akakichomoa, akachoma tena, na mara ya tatu kiligonga mfupa. Kassian alianguka juu ya gitaa lake, ubao ukapasuka chini ya uzito wake, na damu ikasambaa chini ya viti. Alijaribu kusema kitu, kikatoka kikohozi chekundu.

Evaline alijitupa chini, akaziba tundu moja kwa viganja, damu ikatokea kwenye jingine. Kisha akamgeukia kaka yake, akamkwaruza uso kwa kucha zote.

"Umefanya nini? Heriel, umefanya nini?"

"Alikuwa anakupiga teke," alisema Heriel, akihema. "Nimeuona mguu, Eva."

Evaline alimwacha, akainyakua skafu na kurudi kuyaziba matundu.

Wanaume wawili walimvaa Heriel kwa nyuma. Mmoja alimvunja mkono wa kisu kwa kuukanyaga, mwingine alimpiga ngumi hadi jino likaruka, kisha wakamlaza kifudifudi na kumkalia. Shavu lake lilibanwa sakafuni, macho yakielekea mlango wa kioo. Hakujali. Dada yake alikuwa hai.

Nyuma ya kioo hawakuwa wamesikia kitu. Duara la pili lilikuwa bado linakimbizana na wimbo wake, na binti mmoja wa Kichina alikuwa akiisugua fidla huku ameuma midomo. Mzee wa banjo aliyesimama mbele yake alimkazia macho, akauinua mguu wa kushoto, taratibu, hadi usawa wa goti, na vyombo vyote vikanyamaza kwa pamoja. Binti alicheka, akashusha fidla, akajipangusa jasho chini ya taya, upande wa kushoto, juu ya alama nyekundu iliyoiva.